Posho ya Kila Mwezi Ihesabiwe Kwenye Kiinua Mgongo

Wiki iliyopita jirani yangu, aliyelinda ghala la mwajiri mmoja kwa miaka 10 hadi kazi yake ilipopunguzwa, alinionyesha hesabu ya kiinua mgongo chake, nami mpaka leo sijatulia. Alikuwa akilipwa shilingi 600,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kwenye karatasi ile mshahara wa msingi ulikuwa 240,000 tu. Zilizobaki zilikuwa posho ya nyumba 180,000, ya usafiri 120,000 na ya chakula 60,000.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kiinua mgongo kisipungue mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa isizidi 10. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 26, na hivyo mzee huyu akaambulia shilingi 646,000 na ushei. Zingehesabiwa zile laki sita zote, angepata zaidi ya 1,615,000. Hakuna aliyekosea kujumlisha, kwa maana sheria yenyewe, inapoeleza mshahara wa msingi, inaziweka nje posho zote, pamoja na malipo ya saa za ziada na nyongeza za kazi ya usiku, Jumapili na sikukuu.

Saa za ziada ziachwe, kwani mwezi huu zipo na mwezi ujao hazipo. Posho ya safari za kikazi nayo iachwe, maana hulipia gharama ya kazi yenyewe. Lakini posho ya nyumba inayoingia kila mwezi kwa kiasi kilekile, bila risiti na bila mtu kuuliza kama umepanga au unakaa kwa wazazi, ni ujira wa kazi uliyoifanya. Jina lake limechaguliwa na yule yule atakayekuja kulipa kiinua mgongo, katika mkataba uliosainiwa siku ambayo mwomba kazi hana ubavu wa kujadiliana. Inaniuma zaidi kwamba posho hizohizo huwa mshahara siku ya kukata kodi ya mapato na mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kisha zinaacha kuwa mshahara siku ya kumuaga mtu.

Hasara haingoji mwisho wa ajira. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya msingi, na nyongeza ya usiku ni asilimia 5 ya huohuo msingi, kwa hiyo mlinzi anayekesha getini hupunjwa kila mwezi.

Waajiri watasema gharama zitapanda. Ni kweli zitapanda, na mwenye biashara ndogo anastahili muda wa kujipanga, ila gharama hiyo kwa sasa inabebwa na mtu anayerudi nyumbani bila kazi.

Wenzetu wamelishughulikia jambo hili. Nchini Ufilipino, ambako mshahara wa mwezi wa 13, yaani malipo ya ziada ya kila mwaka, ni wa lazima tangu mwaka 1975, posho huingia kwenye msingi wa kuyahesabu pale makubaliano au mazoea ya kampuni yanapoifanya sehemu ya mshahara. India, katika sheria yake ya mishahara ya mwaka 2019, iliamua kwamba posho na malipo mengine yanayowekwa nje yakizidi nusu ya ujira wote, kile kinachozidi kihesabiwe kuwa mshahara. Kipimo hicho kingempandisha jirani yangu hadi msingi wa 300,000, ambao bado ni mdogo, lakini usingeweza kushushwa tena kwa kubuni posho mpya.

Bunge letu libadilishe tafsiri ile, ili posho isiyobadilika na isiyo na masharti iwe sehemu ya msingi. Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi hawana haja ya kulisubiri: sheria imesema kiinua mgongo kisipungue siku 7, haikukataza kizidi, na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, unaweza kutamka kwamba siku hizo zitahesabiwa kwa mshahara pamoja na posho za kila mwezi.