Seva imejaa, nikajifanya daktari

Msinicheke sana. Ijumaa mchana kazini watu wa mauzo wanapiga kelele risiti hazitoki, naingia kwenye seva napiga df -h kuona nafasi iliyobaki, nakuta diski ya giga 100 imejaa asilimia 100. Bosi kasimama nyuma yangu ananihemea kisogoni, sasa ili nionekane najua nikamwambia bosi hizi faili zimekatika vipande vipande, dawa yake kuidifragi, yaani kuvipanga vipande pamoja. Akaitikia kwa upole kabisa. Nikapiga e4defrag -c ipime, ikajibu kwa Kiingereza chepesi kabisa kwamba haihitaji difragi, na bosi Kiingereza anasoma vizuri tu. Nikafunga dirisha fasta.

Bosi alipoondoka nikachimba na du, inayopima ukubwa wa faili, nikakuta logi moja (faili la kumbukumbu za programu) ina giga 62, programu imeandika kosa lilelile usiku na mchana. Nikapiga rm kuifuta, nikaegemea kiti kama mtu katoka kula pilau. df -h tena: asilimia 100! du inasema faili zote jumla giga 33, df inasema pamejaa, wanabishana kama wapangaji wanaochangia luku moja. Nikaanza kufuta ovyo, nikapata giga 4 kwenye folda moja ya video huko, zikaliwa zote kabla sijamaliza chai.

Saa mbili usiku naona skrini imekata. Natoka mbio kwenda chumba cha seva, namkuta mama wa usafi na chaja mkononi (yupiesi, betri ya akiba umeme ukikatika, ilishakufa, tunaitumia kuwekea chupa ya chai).

"Shikamoo mama, umechomoa nini?"

"Marahaba mwanangu, si huu waya tu, simu imeniishia chaji."

Nikachomeka huku natetemeka. Seva inawaka, inaandika kwamba imefuta inodi moja yatima, yaani faili lisilo na jina tena, df -h: asilimia 31!

Kumbe rm inafuta jina tu, programu ilikuwa bado imelishikilia lile faili wazi na kuendelea kuliandikia, mpaka umeme ulipokatika ndipo ikaliachia. Ningepiga lsof +L1, inayoonyesha faili zilizofutwa lakini bado ziko wazi, ningeliona, nikarestati programu basi, kazi ya dakika moja.

Jumatatu bosi ananisifia mbele ya ofisi nzima, "kijana kaidifragi mpaka usiku". Mama wa usafi yuko mlangoni na fagio, ananiangalia tu. Makofi yakapigwa. Halafu bosi akaniinamia, "Ila ile folda ya sendofu ya binti yangu umeihamishia wapi?"