Kukariri "madhara ya mtandao" hakumsaidii mtoto

Hivi kuna mkubwa yeyote amewahi kukaa akasoma daftari la mtoto kuhusu usalama mtandaoni? Mimi nimelisoma la binti wa dada yangu, kidato cha pili. "Madhara ya mitandao ya kijamii", halafu a, b, c: mmomonyoko wa maadili, kupoteza muda, utapeli. Basi. Mtihani ukija anazitapika zote anapata vema, jioni anachukua simu ya mama yake anaposti picha kavaa sweta lenye nembo ya shule, nyuma yake kibao cha stendi kinasomeka vizuri tu. Hongereni sana.

Sasa kuna ticha mmoja hapa mtaani kwetu (simtaji, atanuna) yeye anawafundisha kwa mafumbo. Hana projekta, hana kompyuta, ana bahasha, karatasi alizoprinti na kisanduku chenye kufuli la namba nne. Anabuni mtoto ambaye hayupo, anamtengenezea posti kadhaa: keki na "hepi bethdei kwangu, 14 leo", safari ya Moshi kwa bibi "nyumbani hakuna mtu wiki nzima", mambo hayo hayo ya kila siku. Kazi ya kundi ni moja, fungueni kufuli. Ukibahatisha una namba 10,000 za kujaribu, mtakesha. Ila kuna dogo mmoja kimyaaa huko nyuma anaangalia keki, anaangalia posti ni ya 2024, anatoa 14, anajaribu 2010, kufuli hilo limefunguka, darasa zima kelele. Hapo ndo ticha anawaambia msiniambie, jiulizeni tu kimoyomoyo, namba ya siri ya simu ya nyumbani kwenu ni mwaka wa nani kuzaliwa? Kelele zote zinakata.

Lakini nikisema michezo jamani simaanishi yale maswali ya kuchagua yenye saa inayorudi nyuma na pointi kwa anayewahi kubonyeza. Hayo mimi yananiudhi kuliko hata daftari! Tapeli anaishi kwa haraka yako, tuma sasa hivi, akaunti inafungwa leo, mjomba nimekamatwa niko kituoni, na ile "hela tuma kwenye namba hii" inakukuta kweli ulikuwa unataka kumtumia mwenye nyumba kodi, unatuma bila kuangalia jina. Halafu shuleni tunampa zawadi mtoto aliyebonyeza kabla hajamaliza kusoma, si tunamwandalia tapeli mteja?

Yule ticha bahasha yake ya mwisho ina karatasi imeandikwa kama imetoka kwake: "Namba ya kufuli imebadilika, tumieni hii." Wanaoitumia wamekwisha, mchezo wao umeishia hapo. Jibu halipo kwenye karatasi yoyote, inabidi mtu anyanyuke aende mezani amuulize, ticha, hii umeandika wewe? Kuna siku kundi lililojiona limemaliza la kwanza ndo lililoliwa, na walikuwa wale wanaoshika namba moja darasani, nilicheka sana aliponisimulia.

Sawa, nakubali, darasa la watoto themanini bahasha zitachanika na vipindi viwili vitaisha. Ile michezo ya kwenye kompyuta kama Interland ya Google nayo siyo mibaya, shule yenye kompyuta na bando icheze. Na simu shuleni marufuku, najua, likizo je?

Kitu kimoja tu mafumbo hayakiwezi. Mtoto ambaye kuna mtu ana picha zake na anamtishia, huyo hahitaji mchezo, anahitaji mtu mzima atakayemsikiliza bila kushika fimbo kwanza, na ajue kuna 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, anaweza kupiga. Hilo mwambieni nyumbani, leo. Na meseji za utapeli mfundisheni kuzifowadi 15040, namba ya kuripoti matapeli hapa Tanzania, badala ya kubishana na tapeli kutwa nzima.

Kwa kamati za wazazi mnaochangisha maturubai na keki za mahafali: kufuli za namba na rimu moja ya karatasi haziwashindi.