Farasi wa baharini na zile dola 300,000

Anayetaka kuibeza chemchemi ya Buckingham, ile kubwa iliyo katikati ya Grant Park mjini Chicago, hatafuti neno mbali: ni nakala. Wala hajaisingizia. Edward Bennett, msanifu aliyeichora, alichukua mfano wa chemchemi ya Latona kwenye bustani za Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa, akaukuza karibu mara mbili. Mchongaji wake, Marcel Loyau, alikuwa Mfaransa. Mabeseni ya duara yanapandana vilevile, la chini pana na la juu dogo. Mji uliozaa majengo marefu yenye mifupa ya chuma, ambao kufikia 1927 usanifu wake ulikuwa ukiigwa na wengine, ulikuwa na haja gani ya kuazima joho la Louis wa 14?

Wakosoaji wana hoja nyingine nzito zaidi, na ushahidi wake uko hatua chache tu kutoka hapo. Mwaka 2004, katika Millennium Park, ilifunguliwa Crown Fountain ya msanii Mhispania Jaume Plensa: minara miwili ya matofali ya kioo yenye urefu wa mita 15, inayoonyesha kwa zamu nyuso za wakazi wapatao 1,000 wa Chicago. Uso hutulia, hubinua midomo, kisha hutema maji, na watoto waliokuwa wakisubiri chini hulowa chapachapa. Hakuna uzio. Buckingham imezungushiwa uzio, iko ng'ambo ya barabara kubwa, na kazi yako pale ni kutazama tu. Ile ni ya watu, wanasema, hii ni ya mfalme.

Hoja ya uzio sina jibu lake. Ya mfalme ninalo. Huko Versailles maji hayakuwahi kutosha. Hata baada ya mtambo wa Marly kuanza kazi mwaka 1684, ukiwa na magurudumu 14 ya kuyapandisha kutoka mto Seine, chemchemi hazikuweza kutiririka zote kwa wakati mmoja. Mafundi walipeana ishara kwa filimbi: mfalme akikaribia, fungulia, akishapita, funga. Urembo wote ule ulifuata macho ya mtu mmoja. Chicago ilichukua umbo ikaacha desturi. Pale kuna lita zipatazo milioni 5.7, pampu huzizungusha na kuzirudia, na katika msimu wake kila saa kuna onyesho la dakika 20 ambalo maji yake ya katikati huruka hadi mita 45 hivi. Apitaye bila senti huona kilekile anachoona tajiri. (Wanaolalamika kwamba lita zaidi ya 50,000 kwa dakika ni israfu wanasahau kwamba ni maji yaleyale yanayorudi.)

Halafu tazama kilichoondolewa. Kisa cha Latona ni cha wakulima waliomnyima mungu mke maji ya kunywa, wakageuzwa vyura kwa adhabu. Ndiyo maana Versailles imejaa vyura wenye midomo wazi. Bennett hakuchukua mungu mke wala vyura. Aliweka jozi nne za farasi wa baharini wa shaba kwa ajili ya majimbo manne yanayopakana na Ziwa Michigan: Illinois, Indiana, Wisconsin na Michigan yenyewe. Ziwa lenyewe liko nyuma yao, unaliona.

Kuliona ziwa hilo nako hakukuja bure. Mpango wa Chicago wa mwaka 1909, wa Daniel Burnham na Bennett huyuhuyu, ulitaka makumbusho ya Field Museum yasimame katikati ya bustani, palepale ilipo chemchemi leo. Montgomery Ward, tajiri wa biashara ya kuagiza kwa posta, alikuwa amekwenda mahakamani tangu 1890 akishikilia maneno yaliyoandikwa kwenye ramani ya 1836: ardhi hii ibaki wazi milele, isiyo na majengo wala kizuizi chochote. Wengi walimwona mkorofi. Alishinda. Makumbusho yakapelekwa ukingo wa kusini, na katikati pakabaki pengo. Kitu gani kinaweza kuwa kitovu cha bustani bila kuwa jengo? Maji yanayopanda na kushuka, ambayo unaweza kuona ng'ambo yake. Kama ni nakala, ni nakala iliyopata kazi ambayo ile ya asili haikuwa nayo.

Lakini si umbo lililonifanya niandike. Ni tarakimu. Kate Buckingham alitoa dola 750,000 kuijenga, kwa kumbukumbu ya kaka yake Clarence aliyefariki mwaka 1913. Hizo ndizo hutajwa. Kando yake aliweka dola 300,000 nyingine za matunzo, ili mzigo usiwaangukie walipa kodi. Mia tatu kwa mia saba na hamsini: kwa kila dola tano za kujenga, mbili za kutunza. Na alizitoa wakati mabomba ni mapya, marumaru ya waridi inang'aa na hakuna aliyeona hata tone likivuja. Kiswahili kina neno kamili kwa jambo hili, wakfu, na anayelijua neno hilo anajua kwamba nyumba inayoachiwa shamba la kuilisha si sawa na nyumba inayoachiwa sifa tu. Wafadhili wa kukata utepe hawajawahi kuadimika. Wa kununua gasketi, vile vipira vya kuzibia mabomba, miaka 40 baadaye ndio hatuwaoni.

Kuna watakaosema wakfu wenyewe ulishindwa, na hesabu zinawapa nafasi. Ukarabati wa mwaka 1994 uligharimu dola milioni 2.8. Ule ulioanza Septemba 2008 ulipangwa kwa awamu tatu, na fedha zake zilitoka kwenye mfuko wa Buckingham, mji, mamlaka ya bustani, na ruzuku ya tamasha la muziki la Lollapalooza linalofanyika hapohapo bustanini. Yaani mlipa kodi aliingia mfukoni hatimaye. Ni kweli, na aliyeahidi kwamba hataingia aliahidi kupita uwezo wa dola 300,000 za wakati ule. Ila mfuko ule ulikuwapo mezani miaka 81 baada ya chemchemi kuzinduliwa tarehe 26 Agosti 1927, na anayekuja mezani na chake huombwa kwa adabu tofauti na anayekuja mikono mitupu. Crown Fountain, ambayo iligharimu dola milioni 17 na ambayo naipenda kwa dhati, bado haijafika umri wa kupimwa kwa mizani hiyo.

Kuhusu uhalisi, wenye kutafuta Uchicago ndani yake watapata taabu zaidi ya wanavyodhani. Marumaru ilitoka jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Na kompyuta iliyokuja kuendesha maji, baada ya miaka mingi ya mafundi kuyaongoza kwa mkono, tangu 1983 hadi ukarabati wa 1994 haikuwa Chicago kabisa. Ilikuwa Atlanta, Georgia hiyohiyo.