Mzazi achuliwe, maji ya moto yaachwe

Mwandishi wa makala kuhusu mila za kumhudumia mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, ametia kila kitu kapu moja: kuchuliwa kwa mafuta ya nazi, kufungwa mkaja (kitambaa cha kubana tumbo), kukandwa maji ya moto, vyote eti "mila hatari kwa mzazi". Hapo sikubaliani naye. Huku Unguja mzazi akichuliwa mgongo, mabega na miguu taratibu, hupata usingizi, na mara nyingi ndiyo saa pekee anayoshughulikiwa yeye badala ya mtoto. Balaa ni hayo maji yanayotokota. Hayatoi damu yoyote iliyobaki tumboni, yanababua ngozi tu! Na aliyejifungua kwa upasuaji, tumbo lake msiliguse mpaka mshono upone.

Kuna jambo makala haikuligusa kabisa. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, msiuchue hata kidogo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi wiki 6 za mwanzo baada ya kujifungua. Manesi wa kliniki wangewaita wakunga wa jadi (bibi zetu hawa, nawaheshimu) wakawaeleza hili, badala ya kuwakejeli.