Kupunguza wanga kwa mwenye kisukari: faida ipo, ila dawa zipangwe kwanza

Mtu akishaambiwa ana kisukari cha aina ya 2, haichukui muda kabla hajapewa mashauri mawili yanayogongana. Huyu anamwambia ale kama watu wengine, wanga uendelee kujaa sahani, ila aache sukari na vinywaji vitamu. Yule anamwambia wanga wote uondoke, abaki na nyama, samaki, mayai na mboga, na dawa atazisahau. Mgonjwa anabaki katikati, na kila anachokitia mdomoni kinamtia wasiwasi.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kupunguza wanga ni njia yenye ushahidi wa kutosha kwa watu wazima wengi wenye aina ya 2, na mhudumu wa afya anayeikataa kabla ya kusikiliza anamnyima mgonjwa wake chaguo zuri. Lakini ushahidi huo una mipaka, na watetezi wake wengi huivuka. Mpaka mmoja hasa, ule wa dawa, ukivukwa unaweza kumzimisha mtu akiwa usingizini.

Wanaotetea njia hii wana hoja ya msingi iliyo sahihi. Wanga ukishaliwa humeng'enywa kuwa glukosi, na glukosi ndiyo inayopanda kwenye damu. Protini huipandisha kidogo na taratibu, na mafuta yenyewe karibu hayaipandishi. Kwa mwenye aina ya 2, misuli na ini vimekuwa sugu kwa insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, na kongosho imepungukiwa na uwezo wa kuongeza insulini ya kufidia usugu huo. Kwa hiyo kikombe kimoja cha wali uliopikwa, chenye gramu 45 hivi za wanga, kinauletea mwili mzigo ambao hauwezi kuubeba kwa wakati. Ukipunguza mzigo, sukari hainyanyuki sana. Hoja hii haihitaji maneno mengi, na mgonjwa mwenye kipima sukari anaweza kuiona kwa macho yake. Tuseme amepima kabla ya chakula akapata 7 (milimoli kwa lita), akala sahani ya wali iliyojaa, na saa mbili baadaye akasoma 13. Siku nyingine anaanza na 7 ileile, anaweka wali robo ya kiasi cha siku ile, nafasi iliyobaki anaijaza mboga za majani, maharage kidogo na samaki, na baada ya saa mbili anasoma 9. Hakuna somo la kliniki linalomwingia mtu kama namba hizo mbili alizozipima mwenyewe.

Wakubwa wa fani nao wamelikubali hili. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilitoa ripoti ya makubaliano kuhusu lishe, kikasema kwamba kupunguza jumla ya wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kuboresha sukari kwenye damu. Mwaka huohuo watafiti wa Denmark walitoa matokeo yanayojibu swali gumu: je, anayepunguza wanga hunufaika kwa sababu ya wanga au kwa sababu amekonda tu? Waliwapa washiriki chakula chenye wanga wa asilimia 30 ya nishati, huku wakihakikisha uzito haupungui. Hata hivyo HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu, kilishuka, na mafuta yaliyojazana kwenye ini yakapungua. Washiriki walikuwa wachache na muda ulikuwa wiki chache, lakini matokeo yanaonyesha kwamba kupungua kwa wanga kwenyewe kuna kazi.

Halafu ikaja mwaka 2021. BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 23 ya kisukari cha aina ya 2 yenye washiriki 1,357. Baada ya miezi 6, asilimia 57 ya waliopunguza wanga walikuwa na HbA1c chini ya asilimia 6.5, yaani chini ya kiwango cha kisukari, dhidi ya asilimia 31 ya waliofuata milo mingine. Namba hizi ndizo zinazosambazwa sana, na ni za kweli. Kinachosambazwa kidogo ni kilichofuata. Waliohesabiwa humo ni pamoja na watu waliokuwa bado wanameza dawa. Walipohesabiwa wale tu waliofika hapo bila dawa, tofauti kati ya makundi ilipungua na haikuwa ya kutegemewa kitakwimu. Na ilipofika miezi 12, sehemu kubwa ya faida ilikuwa imeyeyuka.

Kwa nini iyeyuke? Kwa maoni yangu sababu kubwa ni kwamba watu hurudi kwenye ulaji wao, na sioni kwamba hilo ni aibu ya mgonjwa. Chakula huliwa pamoja na watu. Anayekula peke yake chakula chake tofauti, mwezi baada ya mwezi, anabeba jambo zito ambalo jedwali la gramu haliwezi kulionyesha. Mpango usiohesabu hili umekosewa tangu mwanzo, hata kama kila gramu yake imepimwa.

Wapinzani wana karata moja nzito, na watetezi wa wanga kidogo huikwepa. Jaribio la DiRECT la Uingereza, lililotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 2017, liliwapa watu wenye aina ya 2 vinywaji lishe vya kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, kisha wakarudishwa polepole kwenye chakula cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 yao hawakuwa tena na kisukari kwa vipimo, bila dawa yoyote ya sukari. Katika kundi la kulinganisha walikuwa asilimia 4 tu. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 walifika hapo. Na vinywaji vile vilikuwa na wanga kiasi gani? Asilimia 59 ya nishati yake. Mlo wenye wanga mwingi kwa uwiano uliondoa kisukari kwa karibu nusu ya watu, kwa sababu jumla ya chakula ilikuwa ndogo sana, na mafuta yaliyokuwa yamekaba ini na kongosho yakatoka.

Nikiyaweka matokeo haya pamoja, naona wanga una nguvu ya haraka juu ya sukari ya leo na kesho, na uzito una nguvu juu ya ugonjwa wenyewe, hasa kwa mtu mwenye kilo za ziada ambaye hajaishi na kisukari kwa miaka mingi. Kupunguza wanga husaidia wengi kupunguza uzito kwa sababu njaa hutulia na vyakula vya kuvutia kama biskuti na soda huondoka nyumbani. Lakini anayeondoa wali akaujaza mwanya huo kwa siagi, jibini na nyama yenye mafuta bila kiasi, huku kilo zikibaki palepale, amepata nusu ya alichokuwa anakitafuta.

Tatizo jingine ni kwamba watu hubishana kuhusu kitu ambacho hawajakubaliana ni kipi. Mlo wa chini ya gramu 130 za wanga kwa siku huitwa wanga kidogo. Mlo wa gramu 20 hadi 50, unaoufanya mwili uchome mafuta na kutengeneza ketoni, kemikali zitokanazo na mafuta hayo, huitwa pia wanga kidogo. Wa kwanza unaruhusu vipande vya mkate, tunda na bakuli la maharage. Wa pili unamfanya mtu ahesabu hata kitunguu. Mtu akisema njia hii ilimshinda, muulize kwanza alikuwa anafuata ipi kati ya hizo.

Chuo Kikuu cha Stanford kililipima jambo hili kwa namna iliyonigusa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2022, watu 33 wenye kisukari cha aina ya 2 au walio ukingoni mwake walimaliza milo miwili kwa zamu, wiki 12 kila mmoja: mlo wa ketoni, na mlo wa namna ya Mediterania, yaani wa mboga, kunde, samaki na mafuta ya zeituni. Milo yote miwili iliondoa sukari ya kuongezwa na nafaka zilizokobolewa, na yote ilijaa mboga. Tofauti ni kwamba ule wa ketoni uliondoa pia kunde, matunda na nafaka nzima. HbA1c ilishuka kwa milo yote miwili bila tofauti ya maana kati yake. Trigliseridi, aina ya mafuta kwenye damu, zilishuka zaidi kwenye ketoni, lakini kolesteroli mbaya, LDL, ilipanda huko na kushuka kwenye Mediterania. Mimi nasoma hapo kwamba faida kubwa iko kwenye hatua ya kwanza: kuondoa sukari, unga mweupe na lundo la wanga kwenye sahani. Kufukuza maharage na tunda baada ya hapo kunaongeza ugumu mwingi kwa faida ndogo.

LDL hiyo isichukuliwe kirahisi. Wengi wenye kisukari huuawa na moyo na mishipa ya damu kuliko na sukari yenyewe, kwa hiyo mlo unaoshusha kipimo kimoja na kupandisha kingine unahitaji kuangaliwa kwa makini. Kinachoingia badala ya wanga ndicho kinachoamua mengi. Karanga, parachichi, samaki wenye mafuta, kunde na mafuta ya mimea vinaelekea upande mmoja. Soseji na mafuta ya wanyama vinaelekea mwingine. Tena kuna nyuzinyuzi, ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye chakula. Anayeacha nafaka nzima, kunde na matunda kwa pamoja huzikosa haraka, na tumbo humwambia ndani ya wiki chache.

Sasa dawa, na hapa naomba msomaji asome polepole. Dozi ya insulini, na vidonge vya kundi la sulfonilurea kama glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi, hupangwa kulingana na kiasi cha wanga ambacho mtu amezoea kula. Vidonge hivyo huisukuma kongosho itoe insulini hata kama chakula hakikuja. Mtu aliyekuwa akila wanga mwingi mchana na usiku, akaamua Jumatatu kuuacha wote huku akimeza kidonge kilekile na kudunga dozi ileile, anaweza kushuka sukari siku hiyohiyo. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, maneno yanachanganyika. Ikishuka usiku, huenda hataamka kuila sukari ya kumwokoa. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 milimoli kwa lita, ambayo ni sawa na 70 kwa mashine zinazosoma miligramu, anatakiwa kula gramu 15 za sukari ya haraka na kupima tena baada ya dakika 15. Aliyeapa kutogusa sukari tena anaweza kusita hapo, na kusita huko ni hatari.

Kuna kundi jingine jipya zaidi, la dapagliflozini na empagliflozini, zinazotoa sukari kupitia mkojo. Hizi zikikutana na mlo wa wanga kidogo sana zinaweza kuleta tindikali ya ketoni kwenye damu huku kipima sukari kikisoma namba ya kawaida. Mgonjwa anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa shida, na kwa kuwa sukari haiko juu, hata aliye naye hashtuki. Dawa za shinikizo la damu nazo huweza kuwa kali kupita kiasi, kwa kuwa anayepunguza wanga hupoteza maji na chumvi siku za mwanzo. Metformini ikiwa peke yake haina tatizo la kushusha sukari kupita kiasi, na anayetumia hiyo tu ana nafasi pana zaidi ya kujaribu. Wengine wote waende kwa daktari kabla ya kubadili sahani, wakiwa na orodha ya dawa zao mkononi, waulize swali moja: nikipunguza wanga kwa nusu, ipi ipunguzwe na lini? Daktari asiyejua jibu na asiyetaka kulitafuta ni sababu ya kumtafuta mwingine. Si ruhusa ya kuanza peke yako.

Kwa aina ya 1 hoja hubadilika kabisa. Kongosho haitoi insulini, na hakuna mlo unaoweza kuirudisha. Kabla ya Januari 1922, mgonjwa wa kwanza alipodungwa insulini Toronto, madaktari walikuwa na mlo mkali tu wa kuwapa watoto wenye ugonjwa huu. Uliwaongezea muda, kisha wakafa wamebaki mifupa. Mtu mzima mwenye aina ya 1 anaweza kupunguza wanga kiasi chini ya uangalizi wa karibu, lakini kuacha insulini hawezi, na yeyote anayemwambia vinginevyo anahatarisha maisha yake. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye ugonjwa wa figo na waliowahi kuugua matatizo ya ulaji, mlo mkali wa ketoni haushauriwi kwao.

Kwa mtu mzima wa aina ya 2 aliyebaki, mwenye daktari wa kushirikiana naye, ningeanzia kwenye gramu 100 hadi 130 kwa siku, kunde zikiwemo. Kabla ya kuanza achukue HbA1c, kolesteroli, uzito na kipimo cha figo, kwa sababu bila namba za mwanzo hatajua baadaye kilichobadilika ni nini. Baada ya miezi 3 arudie. HbA1c ikiwa imeshuka na LDL imepanda, abadilishe aina ya mafuta kwanza kabla ya kuuacha mpango. HbA1c ikiwa palepale na kilo palepale, basi ahesabu upya jumla ya chakula anachokula. Na kama namba ni nzuri lakini kila mlo umekuwa vita na watu wa nyumbani, aongeze kunde au nafaka nzima kidogo, apime tena saa mbili baada ya kula, aone mwili wake unaruhusu kiasi gani.