Suruali Iliyopatwa na Jua

Tarehe 1 Septemba 2016, Rujewa ilifurika watu: wenyeji, wanafunzi, watalii, wauza maji. Jua lilikuwa linapatwa kipete, nasi Mbarali tukawa kwenye njia yenyewe ya kivuli. Kamera nilishaifunga kwenye stendi, kichujio cha jua mbele, skrini nimeikunjua imelala chali. Skrini yenyewe haijazi kiganja.

Shida ikawa shemeji yangu. Mbali anamtambua mbuzi wa ng'ambo ya mto. Karibu, hata noti anaipapasa. "Nimetoka Mbeya mjini kuja kuangalia ukungu?"

Akachomoa ile plastiki bapa ya kukuzia maandishi, yenye mistari ya duara, anayosomea gazeti. Akanipigisha magoti niishike kama sinia, shubiri moja juu ya skrini. Yeye kasimama wima, mikono mfukoni, kichwa kainamisha kidogo tu. Na kweli bwana, kutoka hukohuko juu aliiona pete nzima, imenona!

"Hapohapo, shemeji. Usitikisike."

Mwezi siku hiyo ulikuwa mbali kidogo na dunia, haukutosha kulifunika jua lote. Pete ilikaa kama dakika 3, mwanga umefifia, hata kuku wamepoa. Kisha pete ikakatika, jua likaanza kurudi kidogokidogo, na ile plastiki ikawa inalipokea lote na kulikusanya sehemu moja. Sehemu yenyewe ilikuwa paja langu la kulia.

Mwanzo nikadhani siafu. Ikaja harufu. Suruali ya tetroni haiungui kistaarabu, inayeyuka.

"Shemeji, naungua!"

"Subiri, ndiyo linatoka vizuri."

Nikapaza sauti watu wanisaidie. Nani anione? Wote wamevaa miwani ya kutazamia jua, ambayo ukishaivaa huoni kitu kingine duniani isipokuwa jua. Mama mmoja pembeni yangu, uso juu, akauliza, "Jamani, nani anachoma mahindi saa hizi?"

Aliyeniokoa ni mtoto ambaye miwani ilimpwaya ikamdondoka. "Mjomba, unafuka moshi!" Akanimwagia soda yake yote, kuanzia kifuani.

Shemeji akainama haraka. Akaniruka mimi, akaokota plastiki yake, akaigeuzageuza.

"Sasa umeona? Imeganda soda. Kesho hii habari nitaisomaje gazetini?"