Chale za studio na kovu ambalo fundi halioni

Ukipitia picha ambazo wachanjaji wa studio za Ulaya na Marekani hutumia kujitangaza, utagundua haraka kwamba nyingi ni picha za vidonda. Mistari ni myekundu, damu imepanguswa dakika ileile, kingo zimenyooka kama zimepigwa rula. Hiyo bado si chale. Chale ni kovu, na kovu siku hiyo halijazaliwa. Mkato mwembamba hufunga juu ndani ya wiki 2 hadi 4, kisha ngozi huendelea kujijenga chini kwa chini kwa mwaka mzima, pengine hata miezi 18, ndipo rangi na kimo cha kovu vitulie. Mchora tatuu akipinda mstari, huuona kabla mteja hajashuka kitini. Mchanjaji hulijua kosa lake baada ya mwaka, tena ikiwa mteja atarudi kumwonyesha.

Mabishano kuhusu kazi hii kwa kawaida huwa ya aina mbili: kuna wanaosema ni uchafu na hatari ya maambukizi, na kuna wanaosema mwili wa mtu mzima ni wake. Pande zote mbili zina hoja. Ila pengo hilo la mwaka mmoja, ambalo pande zote huliruka, ndilo linaloamua kama huu ni ufundi au ni kubahatisha kwa wembe mkali.

Tuanze na kazi yenyewe. Mchoro wa tatuu hauhamishiwi kwenye chale ulivyo. Kovu hutanuka: mkato mwembamba kama unywele unaweza kuishia kuwa mstari wa milimita 2 au 3, kwa hiyo mistari iliyobanana huungana ikawa tuta moja. Fundi mwangalifu huacha nafasi ya nusu sentimita hivi. Pembe kali pia ni tatizo, maana ncha ya ngozi inayobaki kati ya mikato miwili iliyokutana hukosa damu ya kutosha, hufa na kudondoka. Palipochorwa nyota panabaki doa.

Ngozi husafishwa kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, mchoro hubandikwa, na mikato huanza chini kwenda juu ili damu isitiririkie sehemu ambayo haijakatwa. Mistari ya ukingo hukatwa kwa wembe wa upasuaji namba 11, wenye ncha. Pale panapotakiwa kuondolewa ngozi, kibano huinua ukingo na wembe namba 15, wenye tumbo la mviringo, hupita chini yake. Mkono wa pili huvuta ngozi ikaze, kwani ngozi iliyolegea hujikunja mbele ya wembe na mkato hutoka na meno kama msumeno.

Kwenye kina ndiko wengi wanakoharibu. Tabaka la juu, epidemisi, katika sehemu nyingi za mwili lina unene wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, na mkato unaoishia humo hupona bila kuacha alama. Wembe unatakiwa uingie kwenye demisi, tabaka lenye kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, usifike kwenye mafuta ya manjano yaliyo chini yake. Ukiyaona mafuta, umeshapita. Hapo kingo hufunguka, kovu huwa pana na bapa, na kidonda kinaweza kuhitaji kushonwa hospitali. Tena demisi ya mgongoni ni nene kuliko ya upande wa ndani wa mkono, hivyo mkono uliozoea migongo huzama ukihamia mkononi. Kina kikibadilikabadilika kwenye mstari mmoja, kovu huinuka hapa na kupotea pale, na hakuna anayejua hadi miezi kadhaa ipite.

Katika kutunza kidonda kuna kambi mbili zisizopatana. Moja hukichokoza kwa makusudi: hukifunika kwa plastiki ya kufungia chakula kibaki na unyevu, hubandua gaga, husugua kwa mswaki laini kila siku, ili uvimbe udumu na kolajeni izidi. Nyingine huosha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, hufunika kwa shashi safi na kuacha mwili ufanye kazi yake. Kambi ya kwanza haisemi upuuzi. Kwenye ngozi nyeupe, chale nyembamba isiyochokozwa inaweza kufifia ikawa uzi ambao hata mwenyewe lazima autafute. Lakini kuchokoza hakuna kipimo. Hakuna anayeweza kusema siku 10 za mswaki zitaleta kimo gani, na kila msuguo unawafungulia bakteria mlango.

Kwa ngozi nyeusi mashaka huwa makubwa zaidi. Sisi tatizo letu mara nyingi si kovu kufifia, ni kovu kukataa kusimama. Kovu lililovimba lakini likabaki ndani ya mipaka ya kidonda huweza kunywea taratibu kwa miezi. Keloidi huvuka mipaka hiyo, hukua juu ya ngozi isiyokatwa, huwasha, huuma, na ikikatwa bila tiba nyingine hurudi mara nyingi, pengine kubwa kuliko ilivyokuwa. Hupenda kifua katikati, mabega, mgongo wa juu na ndewe za masikio. Kwa bahati mbaya kifua na mabega ndiko wateja wengi wanakotaka mchoro wao. Mtu aliyetoga masikio akaota uvimbe, au ambaye mama yake au ndugu yake ana keloidi, ameshapewa jibu na mwili wake. Kumpa mtu huyo ushauri wa kujisugua kwa mswaki ni kumdhuru.

Mafundi wa jadi waliijua ngozi waliyoikata. Chale za Wadatoga wa Tanzania zinazozunguka macho, au zile za wanawake wa Waluba kule Kongo, hazikuwa vipande vipana vilivyochunwa. Ni mikato mifupi mingi, kila mmoja ukiacha kipele au tuta dogo, na mchoro mzima hujengwa kwa vipele hivyo. Kimoja kikizidi, mchoro haubomoki. Wasuri wa Ethiopia huinua ngozi kwa mwiba na kukata kile kilichoinuliwa tu, namna ambayo yenyewe hudhibiti kina. Wamakonde waliochanja nembo walisugua unga wa makaa ndani ya mikato, hivyo rangi ilibeba sehemu ya kazi na kovu halikuachiwa mzigo wote.

Na mchanjaji wa kijijini aliishi na kazi yake. Mgongo aliouchanja alikutana nao kisimani mwaka uliofuata, na miaka 20 baadaye. Mwanafunzi wa studio hujifunzia kwenye ngozi ya nguruwe, ambayo haitoi damu wala haiponi. Humfundisha kukata. Haiwezi kumfundisha kovu.

Tusiufanye ujadi asali, hata hivyo. Wembe mmoja ulipita kwenye migongo ya watoto kumi, na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai juu ya kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi. Wengi waliochanjwa hawakuulizwa. Mwaka 1974 mahakama ya London ilimtia hatiani mama Mnigeria aliyewachanja wanawe mashavuni kwa mila ya kwao, ingawa ilimwachia bila adhabu. Nigeria yenyewe, kupitia Sheria ya Haki za Mtoto ya mwaka 2003, imepiga marufuku kumchora tatuu au kumtia alama ya ngozi mtoto. Hapo hatuoni pa kubishania.

Kwa usafi, basi, studio inashinda. Wembe hutumika mara moja na kutupwa, vibano hupikwa kwenye mashine ya mvuke kwa nyuzijoto 121 kwa dakika 15, au 134 kwa dakika 3. Anayetaka chale za studio zipigwe marufuku kwa sababu ya maambukizi amechagua hoja dhaifu, kwani marufuku itawapeleka watu chumbani kwa rafiki mwenye wembe wa kunyolea.

Hoja yenye uzito ni nyingine, na Uingereza imeigusa bila kuimaliza. Mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ilimwachia huru mume aliyemchoma mkewe herufi za mwanzo za jina lake mwenyewe matakoni kwa kisu cha moto, kwa ridhaa ya mke. Majaji waliona ni kama tatuu. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ilikataa ridhaa iwe kinga kwa mwenye studio wa Wolverhampton aliyekata sikio la mteja, kuondoa chuchu ya mwingine na kupasua ulimi wa mteja wa tatu. Ilisema huo ni upasuaji usio na sababu ya kitabibu, uliofanywa na asiye tabibu. Mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha miezi 40. Wateja hao watatu walikuwa wameridhia.

Chale ziko katikati ya kesi hizo mbili. Mikato mifupi ya mstari inafanana na tatuu. Kuchuna ngozi kwa kibano na wembe namba 15, bila ganzi ya sindano kwa kuwa fundi hana ruhusa ya kuitoa, kunaelekea zaidi upande wa sikio. Kwetu sisi mpaka ungepita hapo, si kati ya chale zote na tatuu zote. Wales, iliyoanza kutoa leseni za kazi za aina hii mwishoni mwa 2024, imeorodhesha tatuu, kutoga, akupancha (tiba ya kuchoma sindano) na kuondoa nywele kwa umeme. Chale hazimo. Hata zingekuwemo, mkaguzi angekagua mashine ya mvuke, sinki na ndoo ya nyembe, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana siku ya ukaguzi.

Kovu lingeweza kukaguliwa pia. Fundi angetakiwa kuweka picha za kila mteja siku ya kwanza, mwezi wa 6 na mwezi wa 12, kwa rangi zote za ngozi anazozikubali. Mteja mwenye ngozi nyeusi angeanza na mkato mmoja wa sentimita 1, karibu na sehemu anayotaka mchoro, kisha asubiri mwaka. Jaribio hilo si kinga kamili: mkato mdogo unaweza kutulia na mkubwa ukaota keloidi, na begani si kama pajani. Na studio nyingi hazitalipenda, maana mteja aliyeambiwa asubiri mwaka huenda asirudi na pesa yake.